Herufi Zisizo na Vichwa

Maboksi ya vitabu vya mazishi yalifika kutoka Bangkok siku moja kabla ya maiti ya Mwalimu Sanguan kuchomwa, na mjane wake, Bi Prayong, akatoka mwenyewe hadi mlangoni kuyapokea. Aliosha mikono kwanza. Kisha akakata utepe wa boksi la juu kwa kisu cha jikoni, akatoa kitabu kimoja, akakiinua mpaka kwenye paji la uso kwa heshima, ndipo akakifungua.

Akashindwa kukisoma.

Picha ya marehemu aliiona vizuri. Sanguan alikuwa na sare yake nyeupe ya utumishi, mdomo ameubana kama anayezuia kicheko. Jina lililokuwa chini ya picha alilitambua kwa sababu alilijua tangu zamani. Lakini kurasa za ndani zilimkodolea macho tu. Herufi zilikuwa nyembamba, za rangi ya kijivu, na hazikuwa na vichwa. Herufi za kwao huanza na kichwa, kile kiduara kidogo ambacho mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa kukichora kabla ya kitu kingine chochote, na ndicho kinachomwonyesha msomaji hii ni herufi gani na ile ni ipi. Hizi zilikuwa zimenyolewa. Ilibaki migongo na mikia, yote inafanana, na Bi Prayong akawa anaokota neno hapa na neno pale, basi.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kitabu chenyewe kilikuwa cha Sanguan. Maisha yake yote Sanguan alifundisha darasa la kwanza, na karibu kila mtu mzima wa upande ule wa mto Phetchaburi alijifunza kuandika mbele ya macho yake. "Kichwa kwanza!" alikuwa akiwapigia kelele, akipita katikati ya madawati na rula mkononi. Hakumpiga mtu kwa rula ile, lakini hakuna aliyejua hivyo mpaka alipomaliza shule.

"Anucha!" Bi Prayong aliita. "Njoo uone, mwanangu. Watu wa mashine ya chapa wamekuharibia kazi."

Anucha, kifungua mimba wake, alitoka sebuleni na simu sikioni. Alikuwa akifanya kazi ya matangazo Bangkok, ndiye aliyekipanga kitabu na kukigharamia, na hakumwacha mtu yeyote asahau jambo hilo.

"Hawajaharibu kitu, Mama. Ndizo herufi za siku hizi. Benki wanazitumia, hospitali kubwa wanazitumia, hata ndegeni utazikuta."

"Mimi sipandi ndege."

"Zile zenye vichwa zinaonekana kama tangazo la serikali. Nilitaka Baba aonekane mtu wa maana."

"Baba yako alikuwa mtu wa maana kabla hujajua kupangusa kamasi."

Anucha akacheka, akamshika bega. "Ni macho tu hayo, Mama. Umri. Wilai atakusomea." Akarudi kwenye simu yake.

Wilai, kitinda mimba, akaja kutoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga ya kiunoni. Huyu ndiye aliyeacha kazi kwenye duka la vitambaa ili amuuguze baba yake. Alimgeuza kitandani asubuhi na jioni, akamwosha, akamlisha kwa mpira wa puani, wakati kaka yake akituma maua ya plastiki na salamu. Kwa ajili yake Bi Prayong alikuwa na neno moja tu alilolitaka katika kitabu hicho. Mwezi wake wa mwisho, sauti ikiwa imebaki kidogo, Sanguan alisema nyumba ya mtoni isiuzwe, iwe ya Wilai. Alimwambia mkewe, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

Sheria haijali minong'ono ya wagonjwa. Kisheria nyumba ilikuwa ya mjane na watoto wote wawili, na Anucha alikuwa na wanunuzi mkononi tangu zamani, maana siku hizo watu wa Bangkok walikuwa wakizifukuzia nyumba za mbao za kando ya mto ili wazifanye mikahawa. Bi Prayong hakuwa na imani na mawakili. Imani yake ilikuwa kwenye kitabu cha mazishi. Kitabu hicho huchukuliwa na kila anayekuja kuaga, kikaingia kila nyumba, kikawekwa kabatini pamoja na vitu vya heshima, na neno lililochapwa humo kwa jina la marehemu hakuna mtoto atakayelikana bila kuona aibu mji mzima. Ndiyo maana alilitamka neno la mumewe taratibu, Wilai akaliandika kwenye simu na kumtumia kaka yake.

"Nisomee ukurasa wa mwisho," alisema sasa.

Wilai akachukua kitabu. Akapitisha kidole juu ya mistari ya kijivu na kusoma: "Kabla ya kutuacha, Mwalimu Sanguan alisema kwamba nyumba ya mtoni, aliyoijenga kwa mikono yake, isiuzwe, bali iwe ya bintiye Wilai aliyemuuguza bila kuchoka. Mkewe na watoto wake wamelipokea neno hilo kwa moyo mmoja."

"Rudia, mwanangu."

Wilai akarudia, polepole zaidi, neno kwa neno.

Bi Prayong akashusha pumzi. Na yule Anucha aliyekuwa akimdhania mabaya, kumbe alikuwa amelichapa neno bila kulipinga! Aliona haya kwa kumfikiria vile mwanawe wa kumzaa. Akaenda akamwekea chakula kikubwa, samaki mzima na sukari ya mvumo pembeni kwa ajili ya embe, na hakulitaja tena suala la vichwa.

*

Siku ya kuchoma, Bi Prayong aligoma kukaa kwenye viti vya mbele na wakubwa. Alisimama kwenye meza mlangoni mwa banda la hekalu, akamkabidhi kila mgeni kitabu kwa mikono miwili, na kila mgeni akaunganisha viganja na kuinama.

"Karatasi nzito!" alisema Bi Lamai, jirani yake wa miaka mingi, akikipima kitabu mkononi kama anayenunua nyama. "Mwanao hakubana mkono."

"Umekisoma?"

"Nitakisoma nyumbani nikitulia," alijibu Bi Lamai, na hakuwa wa kwanza kusema hivyo. Wazee wote walikifungua, wakakitazama kidogo kwa adabu, wakasema kimependeza, wakakitia mkobani. Mmoja alisifia mwandiko hali kitabu amekishika kichwa chini miguu juu.

Mwalimu Thawin peke yake ndiye hakujua kujifanya. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, rafiki wa Sanguan, na ndiye msemaji wa shughuli siku hiyo. Alikisogeza kitabu mbali na uso, akakirudisha karibu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Prayong, hawa ni dagaa?"

"Dagaa gani tena, Mwalimu?"

"Si wamekatwa vichwa wote! Marehemu angewarudisha darasa la kwanza, na mpiga chapa wao pamoja nao."

Wazee waliokuwa karibu wakaangua kicheko cha nafuu, kicheko cha watu waliogundua kwamba si wao tu. Bi Prayong naye akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Vijana hawakuhitaji miwani. Waliketi wakakifungua kitabu wakakisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma bei dukani. Alichokiona Bi Prayong, na hakukielewa, ni kwamba wakifika mwisho walikuwa wakiinua macho na kumtazama yeye, kisha wakatazama pembeni. Alidhani ni huruma ya msiba.

Akaja Duean, mkwe wa Bi Lamai, msichana anayekaa dirishani benki. Alikuwa ameshaisoma nakala aliyopewa mume wake. Alimshika Bi Prayong mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Shangazi, tutakukosa jamani. Lakini afadhali. Nonthaburi, kule karibu na Bangkok, utapata hospitali nzuri, na wajukuu wako karibu."

"Nonthaburi kuna nini?"

"Si unahamia kwa Kaka Anucha? Nyumba ikishauzwa?"

"Nani anauza nyumba?"

Duean akafunika mdomo. Watu walikuwa kwenye foleni nyuma yake, na Bi Prayong, ambaye hajawahi kumvuta mtu maishani mwake, alimvuta binti wa watu kwa kiwiko mpaka nyuma ya nguzo.

"Nionyeshe. Weka kidole, usome, na usiruke hata neno."

"Shangazi, labda mimi nimeelewa vibaya..."

"Soma, mwanangu."

Duean akasoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari: "Kabla ya kutuacha, Mwalimu Sanguan alishauri kwamba nyumba ya mtoni iuzwe, ili mkewe akaishi kwa raha na mtoto wao mkubwa huko Nonthaburi, na binti yao Wilai apate kuanza maisha yake. Mkewe mpendwa amelikubali jambo hili kwa furaha, na familia nzima ina moyo mmoja."

"Kwa furaha?"

"Ndivyo kinavyosema, Shangazi."

Bi Prayong alijishika kwenye nguzo. Kumbe nusu ya watu waliokuwa bandani walikuwa wanajua habari zake, na nusu nyingine, ya umri wake, walikuwa na uongo uleule mikobani na hawana habari! Na yeye mwenyewe ndiye aliyeugawa. Aliunyanyua kwa mikono miwili, akainama, akasema ahsante kwa kuja.

"Bibi, tunaomba kitabu," mtu aliita kutoka mezani.

Akarudi. Angefanya nini? Foleni ilikuwa imefika getini, na mbele yake alisimama polisi mmoja mnene aliyefundishwa na Sanguan, kofia kwapani, akimsubiri kwa heshima. Akampa kitabu. Akampa na mkewe. Akampa mtu mwingine na mwingine tena, uso umemkauka, mpaka Bi Lamai akatambua kuna jambo na kuja kumpokea, na hapo ndipo alipopata nafasi ya kwenda jikoni.

*

Jiko la hekalu lilikuwa nyuma ya banda, limejaa moshi na kelele za wanawake wanaokatakata vitunguu. Wilai alikuwa akipakua uji wa mchele kwenye mabakuli ya wageni wa mbali. Njiani Bi Prayong alikuwa ameshajipangia mambo. Anucha ndiye mwenye njama. Wilai naye amedanganywa, maskini, ameuzwa pamoja na mama yake. Tumaini hilo ndilo lililomfikisha.

"Wilai. Nisomee ukurasa wa mwisho."

Upawa ukasimama hewani. "Sasa hivi, Mama? Watu wanasubiri kula."

"Sasa hivi."

Wilai hakukigusa kitabu. Aliwatazama wanawake wa jikoni, akaweka upawa chini, akauliza kwa sauti ndogo: "Nani kakwambia?"

Hapo Bi Prayong akajua. Alikaa juu ya gunia la mchele.

"Ulinisomea," alisema. "Nikakwambia rudia, ukarudia."

"Nilikusomea ulichotaka kusikia."

"Ulikisoma wapi, na hakikuwemo?"

"Si mimi niliyekiandika uliposema? Nilikuwa nacho moyoni."

"Kaka yako alikutisha? Niambie ukweli. Alikutisha?"

Wilai angeweza kusema ndiyo, na mama yake angemwamini palepale na kushukuru. Lakini uongo mmoja ulikuwa umeshamchosha. "Hakunitisha mtu, Mama. Alinitumia kurasa nizikague. Nikamwambia herufi hizi Mama hataweza kuzisoma, tafuta nyingine. Alinyamaza, kisha akasema, basi vizuri, tuziache hivyohivyo."

"Na wewe ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

Mwanamke mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye vitunguu vyake. Bi Prayong hakujali tena.

"Nyumba ilikuwa yako! Nimeng'ang'ana na kaka yako kwa sababu yako, mimi naonekana mbaya, mimi naonekana mzee mbishi, yote kwa sababu yako, Wilai!"

"Uliniuliza kama naitaka?"

"Nani anayeulizwa kama anataka nyumba?"

"Mimi!" Wilai akasema, na sasa naye sauti ilimpanda. "Baba nimemuuguza, na sijuti. Angeamka leo ningemuuguza tena. Lakini uliposema nyumba ni ya Wilai, unajua mimi nilisikia nini? Nilisikia, baki hapohapo, sasa ni zamu ya Mama. Nakaribia arobaini. Rafiki yangu Somsri ana saluni Hua Hin, ananingoja tangu mwaka juzi, kila mwezi namwambia mwezi ujao. Kaka akasema tukiuza atanipa fungu langu nikaanze. Ndiyo. Nikakubali."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungelia. Na ukilia mimi nabaki. Unalijua hilo, Mama, usijifanye hulijui."

Maneno yalimchoma Bi Prayong kwa sababu hayakuwa uongo mtupu. Ni kweli, alipoiwaza nyumba ile kuwa ya Wilai, hakuwahi kuiwaza hata siku moja bila yeye mwenyewe kuwemo ndani, kitandani, na Wilai akileta maji. Lakini mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa amekuua.

"Kwa hiyo ukaona bora unifanye mjinga mbele ya mji mzima," alisema.

Wilai alishika upawa tena, akapakua uji kwenye bakuli lililokwisha kujaa.

*

Watawa walikuwa wameshaketi. Mwalimu Thawin alipanda kwenye kipaza sauti, kando ya jeneza lililopambwa maua meupe, ili asome habari za marehemu kama desturi inavyotaka. Akafungua kitabu. Akakohoa.

"Mwalimu Sanguan Thongkham alizaliwa katika..." akasema, akakwama. Akakigeuza kitabu kuelekea mwanga wa jua. "Alizaliwa katika kijiji cha... Jamani, samahani. Katika kijiji cha..."

Vicheko vidogo vikaanza nyuma. Thawin akaligeukia jeneza. "Nisamehe, ndugu yangu," akaliambia, "aliyepanga kitabu hiki alikuhepa siku ya vichwa." Wazee wakacheka kwa sauti. Anucha naye akacheka, kwa kuwa wakubwa wake wa kazi walikuwa wamekuja kutoka Bangkok na walikuwa wamekaa mstari wa kwanza wakiangalia, akasimama na kurekebisha koti lake jeusi.

"Nipe mimi, Mwalimu. Nitasoma mwenyewe."

Bi Prayong alikuwa kwenye kiti chake cha mjane. Alijua mara moja mwanawe atasoma nini. Atasoma maneno ya mama, yaleyale mazuri ya nyumba na Wilai, au ataishia kabla ya kufika mwisho. Wazee wataondoka na walichokisikia, vijana watabaki na kilichoandikwa. Na wazee hawakai sana. Baada ya miaka michache kabati zote za mji zitakuwa na ushahidi mmoja tu, wa mwanamke aliyeiuza nyumba ya mumewe kwa furaha.

"Kaa, Anucha," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini mjane akisema siku hiyo watu hunyamaza.

"Mama, wacha nimalize, watawa wanangoja."

"Umechoka na safari, mwanangu. Duean, binti yangu, njoo wewe. Una macho mazuri. Anza na ukurasa wa mwisho."

Duean alimtazama mumewe, mumewe akatazama viatu. Msichana wa watu akapita katikati ya viti kama anayepelekwa kituo cha polisi, akashika kipaza sauti, akasoma. Sauti yake ya benki ilikuwa safi na haikuruka neno. Iuzwe. Nonthaburi. Mkewe mpendwa. Kwa furaha. Alipomaliza, wazee waligeuka wote kwa pamoja kumtazama Prayong, na katika macho ya Bi Lamai aliona kitu kibaya kuliko mshangao. Aliona rafiki aliyeumia kwa kutoambiwa.

Alisimama akakipokea kipaza sauti kutoka kwa Duean.

"Mliyosikia ndiyo yaliyoandikwa," alisema. "Vijana wenu waliyasoma mapema, ila walinionea haya. Mume wangu hakuyasema. Na mimi sikuyakubali, kwa furaha wala kwa huzuni, maana sikuulizwa. Nimewagawia uongo kwa mikono yangu, na nawaomba radhi kila mmoja wenu. Nyumba siuzi, wala sitii saini mahali popote." Angeweza kuishia hapo, na wengi walidhani ameishia. "Tena jingine. Binti yangu Wilai hadaiwi kitu na nyumba ile. Wala na mimi. Aende anakotaka."

Akamrudishia Thawin kipaza sauti. Thawin alisahau kuwaita watawa. Bi Lamai alikitoa kitabu mkobani na kukitazama upya, akakisogeza karibu na pua, kana kwamba sasa, baada ya kujua kilichomo, herufi zingejionyesha. Hazikujionyesha. Wakubwa wa Bangkok waliangalia saa zao. Na Anucha, shingo imemwiva nyekundu, aliinama kwenye sikio la mama yake.

"Umenivua nguo mbele ya watu wa kazini kwangu."

"Vaa," akamjibu. "Tumchome baba yako."

*

Asubuhi iliyofuata walikwenda watatu kuokota mifupa, kwa kuwa kazi hiyo haimsubiri mtu apoe hasira. Mzee wa tanuri alikuwa ameipanga juu ya kitambaa cheupe kwa umbo la mtu aliyelala. Wakainyunyizia maji ya manukato, wakatupia maua. Anucha alisubiri mpaka chombo cha mifupa kikafungwa, akamsujudia baba yake, akaingia kwenye gari lake na kuondoka bila kupitia nyumbani. Maboksi mawili ya vitabu vilivyobaki, yaliyokuwa nyuma ya kiti, aliyashusha kando ya njia ya hekalu kama takataka.

Wilai alirudi nyumbani na mama yake. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni, dogo kuliko alivyofikiri Bi Prayong. Tangu jana hawakuwa wamezungumza ila mambo ya sahani na chumvi. Sasa Wilai akapiga magoti sakafuni, akainama mpaka paji la uso likagusa miguu ya mama yake, akaomba msamaha kama mtoto anavyoomba kabla ya safari, kwa yote aliyotenda kwa mwili, kwa mdomo na kwa moyo.

Bi Prayong akaweka mkono juu ya nywele zake. Zilikuwa bado zinanuka moshi wa jiko la hekalu.

"Siku ile uliponisomea," alisema, "sauti yako haikutetereka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniua. Hukutetereka."

"Nilitetereka, Mama." Wilai alisema bila kuinua uso. "Uliponiambia rudia, nilifika katikati nikashindwa. Nikanyamaza, nikakutazama. Nikasema moyoni, akinitazama tu, namwambia kila kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefumba macho. Ulikuwa unatabasamu."

Nje, gari la abiria la Hua Hin lilipiga honi mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Kuna neno ambalo mama hulisema hapo, neno fupi tu la kusamehe, na Bi Prayong alikuwa amelisema maelfu ya mara kwa watoto hawa wawili, kwa vikombe vilivyovunjika na nauli zilizopotea. Alilitafuta. Mkono wake ulibaki juu ya kichwa cha binti yake muda mrefu, ukingoja mdomo.

"Nenda," akasema mwishowe, na kuuondoa mkono. "Usije ukaachwa."